Hisabati tupu au takwimu bima: ipi itarudisha gharama zake?

KipeoChaPili: Wakuu habari zenu. Nimepata nafasi mbili chuoni, shahada ya hisabati na shahada ya takwimu bima, yaani hesabu za hatari kwa ajili ya kampuni za bima. Mwisho wa kuthibitisha ni Ijumaa. Moyo uko kwenye hisabati, ila nyumbani wana swali moja tu: ukimaliza utaajiriwa na nani? Mlio kwenye fani, ipi ina hela? Msinipe siasa tafadhali.

Nukta7: Hujasema ada inatoka wapi. Mkopo, ufadhili au mfuko wa mzazi? Kila kozi ni miaka mingapi? Kuandika programu unajua? Bila hayo tunakupigia ramli.

SifuriTupu: Hisabati, usijiulize mara mbili. Mtu wa hisabati anaingia popote. Jim Simons alikuwa mtu wa jiometri, akaanzisha kampuni ya uwekezaji ya Renaissance Technologies mwaka 1982, kafariki 2024 akiwa bilionea.

Nukta7: Na wenzake waliosoma naye jiometri mbona huwataji?

BiJedwali: Mimi niko kwenye bima. Mdogo wangu, shahada ya takwimu bima peke yake haikufanyi mtakwimu bima. Kinachokufanya ni mitihani ya chama cha watakwimu bima, na hiyo watu huifanya kwa miaka huku wako kazini. Mtihani wa uwezekano wa Society of Actuaries ya Marekani, kwa mfano, mtu wa hisabati anaukalia bila shida. Tofauti iko hapa: baadhi ya vyuo vinavyofundisha takwimu bima vinakupatia msamaha wa baadhi ya mitihani, na kila mtihani una ada yake. Ulizia msamaha kwanza, mshahara baadaye.

MzeeWaDaftari: Ngoja niwaambie yaliyonikuta. Nilimaliza hisabati tupu na alama za juu kabisa darasani. Miaka yote ile nilikuwa nathibitisha nadharia tu. Kompyuta niliigusa siku ya kuchapa tasnifu. Nikaitwa usaili kwenye kampuni moja. Nimevaa tai, kichwani nimepanga kueleza tasnifu yangu. Yule dada akanisogezea kompyuta, faili la wateja elfu kadhaa: majina yamejirudia, tarehe zimeandikwa kwa namna tatu, safu ya malipo ina herufi O mahali pa sifuri. Akasema, "Niambie nani hajalipa miezi miwili. Una nusu saa." Nikaanza kupanga mstari kwa mstari kwa mkono. Nusu saa ikaisha niko mteja wa sitini na kitu. Kijana aliyeingia baada yangu hakuwa na shahada, alikuwa na cheti cha miezi sita, na ndiye aliyepewa kazi. Nikaishia tuisheni kwa miaka miwili. Sikatai kwamba hisabati ilinisaidia, maana nilipokuja kujifunza programu nilikwenda haraka kuliko wengi. Ila ile miaka miwili nani ananirudishia?

MwalimuPi: "Nikaishia tuisheni." Kwa hiyo sisi tunaofundisha tumeishia? Nimelipa deni langu lote kwa chaki, mzee.

MzeeWaDaftari: Mwalimu usinune, sikukulenga wewe. Mimi sikuchagua kufundisha, njaa ndiyo ilinichagulia.

SifuriTupu: Takwimu za serikali ya Marekani za 2023 zinaonyesha zaidi ya nusu ya wanahisabati na watakwimu wanapata juu ya dola 100,000 kwa mwaka. Mnamtisha mtoto wa watu bure.

BiJedwali: Hao ni wenye cheo hicho kazini, na wengi wao wana shahada ya pili au ya tatu. Aliyesoma hisabati akawa mwalimu au mwandika programu anahesabiwa kwenye fungu lingine. Ulichosoma ni mshahara wa cheo, siyo wa shahada.

KipeoChaPili: Samahani nilibanwa. Ni mkopo, riba asilimia 8, inaanza kuhesabiwa siku ya kwanza. Hisabati miaka 3, takwimu bima 4. Programu sijui.

Nukta7: Sasa ndiyo unasema! Kila 100 unayopewa mwaka wa kwanza inakuwa kama 126 baada ya miaka 3, na 136 baada ya 4. Halafu ule mwaka wa nne ongeza na mshahara ambao hukuupata, huo ndio watu huusahau. Ukikawia kulipa, 72 gawanya kwa 8: deni linakuwa mara mbili ndani ya miaka 9.

SifuriTupu: Kanuni ya 72 ni ya kubabaisha. Namba yenyewe ni 69.3, logarithimu asilia ya 2 mara mia.

BiJedwali: Hiyo ni kwa riba inayoongezwa bila kukoma. Chukua kikokotoo: 1.08 kwa kipeo cha 9 ni 1.999. Kwa 8 imekaa palepale.

SifuriTupu: Kwa asilimia 2 je? Miaka 35, siyo 36.

BiJedwali: Nani anakopesha kwa asilimia 2? Nielekeze nami nikachukue.

KipeoChaPili: Wakuu, Ijumaa ni keshokutwa.

MzeeWaDaftari: Vyovyote utakavyochagua, anza kujifunza programu leo usiku.

Nukta7: Msamaha wa mitihani umeuliza?

KipeoChaPili: Nimepiga simu chuoni mara tatu, haipokelewi.

MamaWawili: Samahani natoka nje ya mada. MwalimuPi, mwanangu hesabu za sehemu zinamshinda kabisa, anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Jumamosi una nafasi?