Naomba ushauri: begi gani linafaa kwa msafiri wa kila wiki?

Wakuu, habari za majukumu. Kazi imenifanya mtu wa njiani: leo Dodoma kwa SGR, wiki ijayo Mbeya kwa basi, mara mojamoja boti ya Unguja. Nakaa siku tatu au nne, narudi Dar.

Nilinunua begi gumu la magurudumu Kariakoo kwa 85,000, muuzaji akaapa halivunjiki. Safari ya tatu tu, konda kalisukumiza kwenye buti chini ya gunia la viazi la abiria aliyepandia Makambako. Kushuka Mbezi naliburuta, nageuka nyuma, tairi moja limebaki pale linanitazama. Mpini nao siku hizi hautoki mpaka niupige goti.

Sasa nawaza begi la mgongoni la lita 40, yale yanayofunguka kama sanduku. Kwa ngazi na vumbi la stendi naona ndiyo jibu, ila ndani kuna laptop, na mgongo wangu si wa ujana tena. Au la kitambaa lenye matairi mawili makubwa?

Halafu mashati ya ofisini mnayakunjaje yasifike kama yametafunwa na ng'ombe? Pawabenki ya mAh 20,000 inanitosha? (Nikipanda ndege najua inakaa begi la mkononi, haiendi kwenye mzigo.)

Bajeti 150,000. Wa kunishauri mtumba, anieleze kabisa zipu naikaguaje.