Uwanja wa Viazi

Kikundi: UZAO WA BABU TUKUYU
Jumatano, saa 1:12 usiku

Mjomba Ilomba: Jamani, mmesikia alichokiongea yule winga wetu aliyehamia Dar, kwenye redio ya huko? Natetemeka hapa, na safari hii si baridi ya Juni.

Mama Mkubwa Forest: Hamjambo wote. Mdogo wangu, tuambie kwanza mchango wako wa harusi uko wapi, ndipo tuje kwa winga.

Mjomba Ilomba: Dada, shikamoo. Mchango upo. Niache nipumue.

Dogo Soweto: Shikamooni. Mjomba, kasemaje? Bando limekata, sauti haifunguki.

Mjomba Ilomba: Mtangazaji kamuuliza maisha ya Mbeya yalikuwaje. Kijana kacheka kwanza. Halafu: "Uwanja wetu wa mazoezi, ukiteleza unainuka na kiazi mkononi." Studio nzima hoi. Wanatucheka sisi!

Baba Mdogo Bajaji: Hahahaaa! Shemeji, uongo uko wapi hapo? Kona ya chini mwenye shamba kapanda mpaka kwenye mstari. Machi mpira ulitoka, mtoto akaufuata, akarudi anakimbia na mwenye shamba nyuma yake na jembe.

Mjomba Ilomba: Sijasema kadanganya. Nasema kwa nini akaseme Dar.

Mimi: Hapo Mjomba ana hoja. Sisi wenyewe tukiita ule uwanja shamba ni utani wa nyumbani. Mtu akishapanda basi la alfajiri, utani ule unageuka kitu kingine.

Dogo Soweto: Mbona Ronaldo aliichana Man U mchana kweupe? Novemba 2022, kwa Piers Morgan. Eti tangu Ferguson aondoke hakuna kilichobadilika, bwawa la kuogelea lilelile, jakuzi ileile. Na kocha wake, Ten Hag, hamheshimu kwa sababu Ten Hag naye hamheshimu. Tarehe 22 wakaachana naye.

Baba Mdogo Bajaji: Ronaldo alilalamikia jakuzi. Wa kwetu alikuwa anaoga kwa ndoo ya mama mdogo wako.

Mimi: Dogo, wewe si ulilia siku ile?

Dogo Soweto: Sikulia. Nilibandua picha yake ukutani tarehe 22. Tarehe 24 kaifunga Ghana penalti kwenye Kombe la Dunia, nikaibandika tena. Gundi ile ya kwanza ilikuwa bado haijakauka.

Mama Mkubwa Forest: Na rangi ya ukuta nimelipa mimi.

Mjomba Ilomba: Msinitoe kwenye mada. Hilo la viazi ni dogo. La pili ndilo limenichoma. Kasema mashabiki wa kule "wanajua jina lako, la mama yako na la kijiji chako, ila getini huwaoni, wamejaa mlimani." Mlimani! Mtu tumemshangilia misimu miwili!

(Kwa dakika nne hakuna aliyeandika kitu.)

Baba Mdogo Bajaji: Shemeji.

Mjomba Ilomba: Nini?

Baba Mdogo Bajaji: Lile jiwe lako kule juu, lile bapa, lenye kivuli cha mkaratusi. Bado lipo?

Dogo Soweto: Hahahahaha

Mimi: Niweke kumbukumbu sawa: Mjomba aliwahi kulipa kiingilio. Ilikuwa uwanja wa Sokoine, msimu wa 2013/14, Mbeya City ilipopanda ligi kuu ikamaliza ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga, Simba ya nne. Nilikuwa mdogo, alinibeba mabegani. Tangu siku ile sijamwona na tiketi.

Mjomba Ilomba: Unaona sasa. Mtoto uliyembeba mabegani ndiye anayekuchongea kwenye kikundi.

Baba Mdogo Bajaji: Na mnavyolalamika mchezaji kuhama! Mbarali wenzetu walihamiwa na timu nzima. Ihefu hiyo. Novemba 2022 inaifunga Yanga 2-1 palepale Mbarali, mechi 49 bila kufungwa zikaishia kwenye mashamba ya mpunga. Leo inaitwa Singida Black Stars. Hata kuaga hakukuwepo.

Mjomba Ilomba: Hiyo mechi wewe mtu wa Simba unaikumbuka kuliko siku ya ndoa yako.

Baba Mdogo Bajaji: Ndoa ilikuwa siku moja. Mechi 49 tulizihesabu moja moja.

Dogo Soweto: Na Fei Toto je, Mjomba? Desemba 2022 kaaga Yanga, shirikisho la soka, TFF, likasema bado ni mchezaji wenu, vuta nikuvute mpaka Juni 2023 ndipo akaenda Azam. Msimu uliofuata mabao 19 ya ligi. Aziz Ki tu ndiye kamzidi, 21.

Mjomba Ilomba: Dogo, kuna majina hayatajwi usiku.

Binamu Iringa: Shikamoo Mama Mkubwa, shikamoo Baba, shikamooni wote. Nimesoma kuanzia juu. Baba, la tatu mbona hujaliandika? Nimeisikiliza hiyo sauti. Kasema aliondoka anadai mishahara ya miezi minne.

Mjomba Ilomba: Hilo ni la yeye na viongozi. Sisi mashabiki tunahusikaje?

Binamu Iringa: Linahusika, maana hapa mnamwita msaliti. Kanuni za FIFA ziko wazi tangu 2018. Klabu isipomlipa mchezaji mishahara miwili, anaiandikia kuidai na kuipa siku 15. Wasipolipa, ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Huyu alikuwa na minne, Baba, na hakuuvunja. Kacheza mpaka mkataba ukaisha wenyewe. Hata hiyo barua sijasikia kama aliiandika.

Mjomba Ilomba: Nilikupeleka Iringa usome sheria au uje kunipinga humu?

Binamu Iringa: Ada umelipa nusu, Baba. Nakupinga nusu.

Baba Mdogo Bajaji: Weeee! Bajaji imesimama katikati ya Mafiati, nacheka, abiria wananishangaa.

Mjomba Ilomba: Watu wa Iringa nyamazeni. Lipuli yenu iko wapi siku hizi?

Binamu Iringa: Lipuli ilicheza fainali ya Kombe la FA 2019, ikafungwa 1-0 na Azam kule Lindi. Hii timu yenu ya kwenye viazi imecheza fainali ya nini?

Mama Mkubwa Forest: Binti, huyo ni baba yako. Punguza. (Ila kajibu vizuri.)

Babu Tukuyu: [ujumbe wa sauti, dakika 3 na sekunde 40]

Dogo Soweto: Ugonile Babu! Mwenye bando atuandikie.

Mimi: Naandika. Dakika ya kwanza ni salamu, ng'ombe kapona mguu, na migomba ya chini imepigwa na upepo. Halafu anasema: "Mimi nimeiona Tukuyu Stars, Banyambala wenyewe, inapanda ligi na mwaka uleule, 1986, inachukua ubingwa wa Bara. Watu walitembea kwa miguu kutoka milimani. Kisha vijana wakaanza kuchukuliwa na timu kubwa, mmoja leo, mwingine kesho. Hakuna aliyetusema vibaya. Waliaga kwa adabu sana. Na kila aliyeaga kwa adabu tulimpikia." Hapo kanyamaza, kuku anasikika. Halafu: "Huyo wa kwenu kala kwa nani?"

Dogo Soweto: Dakika ya mwisho je?

Mimi: Anauliza nani kachukua tochi yake Pasaka.

Mjomba Ilomba: Shikamoo Mzee. Tochi ninayo mimi, nitaileta.

Mama Mkubwa Forest: Mchango anao, tochi anayo. Huyu ni ghala.

Mama Mdogo Lishe: Shikamoo Baba, shikamoo Dada. Nilikuwa naosha masufuria, nimesoma yote sasa hivi. Kaka, umemaliza?

Mjomba Ilomba: Bado. Kwa nini?

Mama Mdogo Lishe: [picha]

Mama Mdogo Lishe: Hizo njumu ni zake. Ziko chini ya kabati langu la vyombo. Angalieni ya kulia, hapo kwenye kidole gumba. Huo uzi si wa viatu, ni wa kushonea magunia. Fundi wa Mwanjelwa alishona mara mbili, ya tatu akakataa, akasema kiatu hiki kimekwisha, atafute kingine. Basi akaomba sindano ya magunia kwa wapakiaji wa viazi, akashona mwenyewe kwenye benchi langu huku anasubiri ugali. Alijichoma, akafuta damu kwa karatasi ya vitumbua. Jumapili yake kawafunga wale wa Chunya mawili. Wewe Kaka ulikuwa jiweni kwako unapiga mluzi, nilikusikia mpaka jikoni.

Dogo Soweto: Eeh. Ile mechi nilikuwepo.

Baba Mdogo Bajaji: Mke wangu, hizo njumu mimi nilidhani ni za mtoto.

Mama Mdogo Lishe: Ndiyo ujue hufagii chini ya kabati.

Mjomba Ilomba: Kakuachia zawadi?

Mama Mdogo Lishe: Zawadi ya nini? Rehani! Alikula kwa daftari. Sahani 23, elfu mbili mbili, 46,000. Alikuja saa kumi na nusu alfajiri kabla ya basi, kanikuta nawasha mkaa. Akasema, Mama, sina hela, shika hivi. Nikamwambia kijana, unaenda kucheza mpira Dar peku? Akasema huko wanapewa.

Binamu Iringa: Shangazi, ameshatuma chochote?

Mama Mdogo Lishe: Jumatatu katuma elfu 30 kwenye simu. Imebaki 16,000. Kaniambia mshahara wa kwanza umeingia tarehe ileile waliyomwambia, alikuwa anashangaa kama mtu aliyeona treni.

Mjomba Ilomba: Lakini redioni hakukutaja. Kataja viazi, kataja mlima. Wewe hakukutaja.

Mama Mdogo Lishe: Anitaje ili wachezaji wote waliobaki waje kukopa? Nilimkataza.

(Mjomba anaandika... Mjomba ameacha kuandika. Mjomba anaandika...)

Mjomba Ilomba: Jumapili kiingilio shilingi ngapi?

Baba Mdogo Bajaji: Elfu moja, shemeji. Ni elfu moja tangu mwaka juzi, ila wewe ungejulia wapi.

Mjomba Ilomba: Nauliza tu. Bado nasema hakutakiwa kwenda kulisema Dar.

Mimi: Hilo la Dar hata mimi bado linaniwasha kidogo, Mjomba.

Mama Mkubwa Forest: Anayetafuta elfu moja ya uwanjani atafute na hamsini ya harusi. Nalala na daftari.

Dogo Soweto: Mama Mdogo, shikamoo tena. Hizo njumu namba ngapi?

Mama Mdogo Lishe: Arobaini na mbili.

Dogo Soweto: Mimi 41. Nikivaa soksi mbili zinakaa. Naziazima Jumapili moja tu, tuna mechi na vijana wa Uyole.

Mama Mdogo Lishe: Una 16,000?