Tupeane uzoefu: ubatizo, maji yake na nafasi yake katika wokovu

Mwanzisha mada, Mtwara mjini
Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu zetu wengine, Bwana asifiwe. Naomba makatekista, wachungaji, wazee wa kanisa na wakunga wa huku kwetu Kusini tuelezane. Ubatizo unafanywaje ukawa ubatizo kweli, na unahusianaje na wokovu? Visa vya watu tuviache, leteni namna ya kufanya na mahali panapoharibika.

Katekista, Newala
Milele amina. Vitu viwili havina mbadala: maji na maneno. Maji ya kisima, ya mvua, ya bomba, ya bahari, yote sawa. Madafu si maji, togwa si maji, hata kama ndiyo yaliyo karibu. Maneno ni "(jina), mimi nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu", na ayaseme yule yule anayemimina, huku anamimina. Mwaka 2020 Roma ilitamka kwamba "sisi tunakubatiza" ni batili, kwa sababu anayebatiza ni Kristo kwa mkono wa mhudumu, si jumuiya.

Huku juu Makondeni maji tunayahesabu kwa ndoo, watu wakidhani machache hayatoshi. Robo lita inatosha kumimina mara tatu. La lazima ni maji yatiririke kwenye ngozi ya kichwa, na hapo ndipo tunapokosea: binti kasukwa nywele nzito, au mtoto kavishwa kofia ya sufu inayosogezwa kidogo tu, maji yote yanaishia juu juu. Mimina kwenye paji la uso, uyaone yakishuka hadi kwenye beseni. Kurusha matone mawili kwa ncha ya vidole kunaacha shaka, na shaka hiyo itaibuka siku ya kuandikisha ndoa.

Mkunga, Masasi
Kichanga akizidiwa, msingoje padri. Kwa Wakatoliki, mtu yeyote anaweza kubatiza wakati wa hatari, hata ambaye mwenyewe hajabatizwa, mradi anakusudia kufanya lile Kanisa linalofanya. Ila ongeeni na wazazi kwanza jamani, nyumba nyingi za huku zina Waislamu na Wakristo chini ya paa moja.

Kwa mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, maji yawe vuguvugu, kijiko kimoja kila mara. Maji baridi humshusha joto, nalo ndilo adui yake mkubwa. Mfuteni papo hapo, arudi kifuani kwa mama. Kisha andikeni kabla hamjasahau: jina, wazazi, tarehe, aliyebatiza, shahidi. Akipona apelekwe parokiani apakwe krisma, yale mafuta matakatifu, avikwe nguo nyeupe, apewe mshumaa. Maji hayarudiwi.

Mzee wa kanisa, Lindi
Bwana asifiwe. Kwetu anabatizwa aliyeamini mwenyewe, tena kwa maji mengi. Wokovu ni kwa neema, kwa njia ya imani (Waefeso 2:8). Ubatizo ni utii na ushuhuda kwamba mtu amezikwa na Kristo akafufuka naye (Warumi 6:4). Watoto wachanga tunawaweka wakfu tu.

Baharini angalieni mwezi kabla ya kutangaza tarehe. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji hupwa kuelekea saa nne, saa tano asubuhi, wakati ule ule ibada inatoka, na kanisa zima linatembea juu ya matumbawe yanayokata nyayo likitafuta maji ya kiuno. Ulizeni wavuvi, au wekeni ubatizo alasiri. Mtoni, kichwa cha anayebatizwa kielekee maji yanakotoka, la sivyo mkondo unamwingia puani. Akunje mikono kifuani, mchungaji amshike viganja kwa mkono mmoja, mwingine umkamate chini ya shingo, yeye akunje magoti kidogo. Akikakamaa miguu anateleza, mnaanguka wote wawili. Kina mama wavae nguo nzito ya rangi iliyoiva. Nyeupe nyepesi ikilowa inawavua heshima mbele ya watu.

Mwalimu wa dini, Masasi
Mzee wangu, nashukuru kwa hayo ya maji. Kwenye wokovu tunatofautiana, na ni vizuri vijana wajue tofauti iko wapi. Waanglikana, Walutheri na Wakatoliki wanasoma Yohana 3:5, kuzaliwa kwa maji na kwa Roho, na kuamini kwamba Mungu mwenyewe anatenda ndani ya maji yale. Ndiyo maana wanambatiza mtoto: neema inatangulia, imani inalelewa. Ila Katekisimu ya Kanisa Katoliki inasema Mungu ameufunga wokovu na sakramenti ya ubatizo, lakini yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Mkatekumeni, yaani anayejiandaa kubatizwa, akifa kabla ya Pasaka, ile nia yake na toba yake vinamtosha. Mnyang'anyi msalabani hakuguswa na tone la maji.

Na tuache kubatiza watu mara ya pili! Misheni ya Waanglikana iko Masasi tangu 1876, kwa hiyo familia zetu zimechanganyika. Muanglikana anayeingia Ukatoliki habatizwi upya, analeta cheti.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Na wasimamizi? Wengi wanachagua mwenye uwezo wa kuchangia sherehe.

Katekista, Newala
Mmoja anatosha, au wawili, mwanamume na mwanamke. Awe na miaka 16, awe na kipaimara, asiwe baba wala mama wa mtoto. Na msiahirishe mpaka korosho ziuzwe mnadani ili mpate pilau. Sheria ya Kanisa inasema wiki za kwanza. Siku hiyo hiyo, kabla hamjatoka parokiani, someni jina la mtoto kwenye daftari la ubatizo herufi kwa herufi na tarehe ya kuzaliwa, mlinganishe na kadi ya kliniki.