Tupeane uzoefu: Taka ulizoacha kuziingiza nyumbani

Mwenye mada, Shangani, Mtwara
Shikamooni wakubwa, nanyi wenzangu habari zenu. Kwa zaidi ya mwaka mmoja nilikuwa nikirundika chupa tupu za maji katika viroba nyuma ya nyumba, nikiamini kwamba natunza mazingira, mpaka mnunuzi wa chakavu alipokuja na mizani yake. Chupa tupu ya lita moja na nusu ina uzito wa gramu 30 hivi, kwa hiyo kilo moja hudai chupa zaidi ya 30, na malipo ya kilo hiyo hayakufikia bei ya chupa moja niliyoinunua ikiwa imejaa. Siku hiyo niliona kwamba nilikuwa nimechelewa kujiuliza kwa nini nilizileta chupa hizo nyumbani tangu mwanzo. Sasa tunachemsha maji, tunayapooza mtungini, na watoto huenda shule na chupa zilezile kila siku. Naomba tuelezane kile ulichoacha kukiingiza ndani, si ulichokiuza wala ulichokichoma.

Mchangiaji, Mikindani
Marahaba, mwanangu. Kwangu plastiki ilikuwa kidogo. Kilichojaza shimo ni mabaki ya jikoni. Vifuu vya nazi tunakokea moto, machicha wanakula kuku, na maganda ya muhogo nayaanika juani kabla ya kuwapa mbuzi, kwa kuwa yakiwa mabichi yana sumu. Hayo nilifundishwa na mama, na wengi wenu mnayajua. Jambo nililojifunza ukubwani ni kupima unga. Tulikuwa tisa nyumbani. Watoto wameolewa na wengine wamehama, tumebaki wanne, lakini mkono wangu uliendelea kusonga ugali wa watu tisa kwa miaka, na kila asubuhi kiporo kilimwagwa. Hatimaye niliweka kibaba ndani ya debe la unga, na hakuna mtu anayechota bila hicho. Kusema kweli niliona haya kidogo, kwa sababu kwetu sufuria inayobaki tupu mgeni akibisha hodi ni aibu. Akija, nitasonga mwingine.

Mchangiaji, Lindi mjini
Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, nilidhani tatizo limekwisha. Nikaanza kununua mfuko mbadala kila ninapokwenda sokoni, na siku moja nilihesabu 14 nyuma ya mlango. Nimerudi kwenye kikapu cha ukindu, na samaki nawafuata na ndoo yenye mfuniko.

Mchangiaji, Masasi
Ndugu zangu, nawaheshimu, ila mashauri ya namna hii mara nyingi humwangukia mwenye fedha. Anayeambiwa anunue dumu la mafuta la lita tano ili apunguze vifungashio anahitaji fedha ya lita tano kwa siku moja, na sisi wakulima wa korosho tunaipata fedha hiyo msimu unapofunguka, kuanzia Oktoba hivi. Miezi mingine tunanunua kidogo kidogo, na kila kidogo kina karatasi yake ya nailoni.

Mwenye mada
Umenikosoa kwa haki, kaka. Hata hivyo, nadhani duka la mtaani limekwisha kutupa nusu ya jibu: mafuta ya kupima hutiwa katika chupa uliyokwenda nayo, na sabuni ya mche hukatwa kipande kwa fedha uliyonayo, bila pakiti yoyote. Pakiti ndogo za sabuni ya unga tuliziacha kwa njia hiyo, ingawa mke wangu bado analalamika kwamba mashuka meupe hayatakati kama zamani.

Mchangiaji, Masasi
Hilo la mche nimelikubali. Sasa nisaidieni kuhusu pampasi za mtoto. Nepi za kitambaa tunazo, lakini kiangazi hiki maji tunanunua kwa ndoo, na nepi za siku moja humaliza ndoo mbili. Mchana anavaa kitambaa, usiku pampasi moja. Chini ya hapo sijaweza.