KONAMI inapotokea kwenye skrini: tupeane uzoefu, wewe uliiona wapi mara ya kwanza?

Wakuu, juzi nimewasha gemu la zamani kwenye simu, ikapita ile nembo ya KONAMI, kampuni ya magemu ya Japani, yenye mikanda miwili, wa chungwa na mwekundu, nikaganda naiangalia tu. Ile mikanda walikaa nayo toka 1986 mpaka 2003 walipoitoa, kwa hiyo ukiiona unajua kabisa hili gemu la enzi zetu. Kwangu mimi ni banda la PS One, gemu la mpira la Winning Eleven. Inaanza almasi ya Sony kwenye skrini nyeupe, halafu giza, hapo wote kimya maana CD zilikuwa za kuchoma na lenzi imechoka, ikitokea nyeusi yenye alama ya PS watu wanashusha pumzi, ikija KONAMI sasa ni kugombania pedi. Ikigoma kusoma mwenye banda anaigeuza mashine juu chini, na kweli inasoma! Tiririkeni.

—

Mimi hata sikuiona mkuu. Sisi tulikuwa na mashine ya kuiga Famicom, ile ya gemu ya Nintendo, kaseti ya njano imeandikwa gemu 9999 kumbe ni zilezile zinajirudia. Contra, gemu la Konami la kupiga risasi, ilikuwemo ila pale chini panapoandikwa Konami 1988 walishafuta, patupu, nimeicheza miaka yote sijui kaitengeneza nani. Bro wangu ndo alikuwa na ile kodi ya kubonyeza juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A unapata maisha 30, mi nikijua ni siri ya nyumbani kwetu. Ukubwani ndo nasoma kumbe aliyeiweka ni Kazuhisa Hashimoto, mtengeneza magemu wa Konami, kwenye gemu la Gradius la 1986, maana alikuwa anaijaribu inamshinda. Alipofariki 2020 nilimpigia bro, tukakaa kimya kidogo kwenye simu.

—

Mimi wa Mombasa. KONAMI ndilo neno la kwanza nilisoma mwenyewe, shule sijaanza, ko-na-mi, linasomeka vile vile kama letu. Nikamuuliza nyanya maana yake, akafikiri, akaniambia hiyo lazima ni "uko nami", ile u wameila. Nikaamini miaka na miaka. Sasa ndugu yangu yuko Muscat kikazi, usiku tukitaka kucheza mpira mtandaoni ananiandikia tu "konami?" namjibu "konawe", tunaingia.