Tupeane uzoefu: vidonge vya PrEP (vya kujikinga na VVU) ni bure, wewe vimekugharimu nini?

MgebukaMkavu (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma mjini. Uzi huu ni wetu sisi wanaume tunaopenda wanaume, tunaomeza PrEP au tuliowahi kumeza tukaacha. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile kinachotufanya wahalifu, mnakijua, kwa hiyo msitaje jina, mtaa wala kituo. Wenye kuhubiri, jukwaa lenu lipo.

Naanza mimi. Nilianza 2022. Nikapimwa, majibu hasi, nikapewa kopo la vidonge 30, sikutoa hata mia. Ila dirisha ni lile lile la CTC, kliniki ya wenye VVU, benchi lile lile, na kopo ukiliona tu unajua ni "zile dawa". Kituo cha jirani ni dakika tano kwa miguu. Mimi napanda boda elfu nne kwenda na kurudi hadi nisikojulikana, na kila miezi mitatu lazima nirudi kupima.

Halafu lile kopo linalia. Ukitembea nalo kwenye begi ni njuga kabisa. Nikajaza pamba. Kichefuchefu kilinisumbua wiki ya kwanza, nikawa nakula kwanza ndiyo nameza, kikaisha.

Mwezi wa tatu dada yangu akalikuta akifagia chumbani. Hakusema neno. Jioni nikaona sahani na kikombe changu vimewekwa peke yake. Nikamweleza kuwa siumwi, ni dawa ya kujikinga. Akauliza, "Kujikinga na nani, na mke huna?"

Nilikaa kimya, na kimya kile akakielewa anavyojua yeye. Nikaona heri aamini naumwa kuliko ajue lile lingine. Mpaka leo kila Jumapili ananipikia supu ya dagaa niongeze damu.

TaaZiwani
Pole mkuu, ila hiyo supu nimecheka.

Mimi ni mvuvi wa dagaa. Niliambiwa nimeze muda ule ule kila siku, nikachagua saa ya kuwasha taa. Botini wanajua nina vidonda vya tumbo, hakuna anayeuliza. Giza zima sikosi hata kimoja. Balaa ni mbalamwezi. Tunapumzika, pesa iko mfukoni, taa ya kuwasha hakuna, nasahau. Na ndizo siku ninazozihitaji hizo dawa kuliko zote.

MtiWaAsali
Tabora hapa. Mwenzangu alilikuta kopo langu akasema, "Kumbe huniamini." Wiki mbili hatukusalimiana. Siku tunapatana, akavuta buti lake la kazini chini ya kitanda, akatoa la kwake. Kalificha humo tangu mwaka juzi. Nikamuuliza, sasa zile wiki mbili ulikuwa umenuna nini? Hajajibu hadi leo.

AbiriaWaUvinza
Mnasema bure, mmesahau 2025? Januari ile Marekani ikasimamisha misaada, Februari nimekwenda kuchukua, muuguzi ananiambia kwa sasa ni wajawazito na wanaonyonyesha tu. Nikamwambia, "Mama, hapo nimeshindwa." Alicheka, ila macho yake hayakucheka. Ndivyo agizo lilivyokuja, hakulitunga yeye. Nauli ya kutoka huku ikawa imekwenda hivyo.

Nilikuwa na vidonge tisa. Mwelimishaji rika mmoja akanielekeza mtindo wa kumeza kwa tukio: viwili kwa pamoja, masaa 2 hadi 24 kabla, kimoja masaa 24 baada ya vile viwili, kingine masaa 24 tena. Vinne kwa mara moja. Kwa hiyo mimi nilikuwa na mara mbili, na kidonge kimoja cha kumbukumbu.

MgebukaMkavu
Mtindo huo upo kweli, WHO iliuweka wazi kwa wanaume mwaka 2019. Ila mwenye homa ya ini aina ya B asijaribu bila daktari. Na ambaye tayari kimeshatokea bila kinga, usihesabu vidonge vya PrEP, kimbilia PEP, dawa ya dharura ya baada ya tukio, ndani ya masaa 72, unameza siku 28. Kaswende na kisonono hazijali lolote kati ya haya, kondomu iko pale pale.

MtiWaAsali
Kuna ile sindano ya kujikinga na VVU, lenacapavir, mbili tu kwa mwaka. Marekani waliiidhinisha Juni 2025, bei ya kwao inapita dola 28,000 kwa mwaka. Toleo la bei nafuu linaahidiwa dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027.

TaaZiwani
Hata wakiileta ya dola mia nitauza nyavu. Sindano haina kopo.

MgebukaMkavu
Supu yangu sasa itakuwaje.

Wa Kasulu na Kibondo mpo? Huko mnachukulia wapi bila kupanda basi?