Tunaaga Flickr: tufute mafoto yetu ao tuache?

Mutoto wa Birere
Wakubwa na wadogo, nauliza mbele ya kufanya kitu. Kikundi chetu cha mafoto ya Goma kule Flickr tunakifunga mwisho wa mwezi, tumebakia batu saba ba kweli, wengine bote balienda Instagram na WhatsApp. Mi kadi yangu ya Visa ilikufa, na banki za hapa zilifungwa 2025, kulipa Pro, ile akaunti yao ya pesa, siwezi tena. Na mujue sheria yao, tangu 2019 akaunti ya bure mwisho ni mafoto 1000, ukipitisha wanaanzia kufuta ile ya zamani. Niko na 2,340. Ya zamani njo ya maana, soko ya Virunga asubuhi mapema, barabara za Majengo, mabinti ba kwaya wako wanangoja mvua ipite. Lava ya Buhene ya 2021 iko katikati pale. Tufute bote tuondoke safi, ao tuache kitakachobakia kibakie? Mi naona tufute. Kitu yangu nisiiache kwa nyumba ya mutu.

Nyawera Moja
Pole sana toka Bukavu. Lakini tuseme ukweli, nini itapotea? Nilifungua ile albamu ya kwanza: chukudu ya mbao ya mizigo, volkano, chukudu, jua linazama kwa ziwa, chukudu. Nilihesabu chukudu 31 mbele ya kuona mutu mumoja ananyoa nywele.

Mama Foto Himbi
Weye wa Nyawera, mi nilifika kwenu na boti mara ngapi, na mafoto yenu ni moja tu, vilima vinaingia ndani ya ziwa, vimepigwa toka juu na drone ya kukopa. Chukudu unaijua? Inashuka toka Kibumba na makabichi na magunia ya makala ya kupikia, mutu ameweka goti moja juu ya kipande cha mpira, breki ni kandambili yake. Kuipiga unalala tumbo juu ya mawe ya lava, unaweka kasi 1/30, unageuza aparei ya foto pamoja naye, kumi na tisa zinatoka ukungu, moja inatoka uso uko wazi na muji mzima umekuwa mistari nyuma. Hiyo moja njo ulihesabu kama ya 31.

Nyawera Moja
Mama heshima yako. Lakini chukudu ni baisikeli bila pedali.

Fundi Ndosho
BAISIKELI??? Baisikeli yenu ilishabeba viazi vya kulisha kwartie nzima? Sisi tuko na sanamu ya chukudu ya rangi ya zahabu katikati ya rompwe, pale barabara zinazunguka, nyiye Bukavu mumeweka baisikeli kwa rompwe gani, nionyeshe

Peti wa Katindo
samahani wakubwa, Flickr si ni ya Yahoo? na Yahoo si ilikufa?

Mama Foto Himbi
Ilikuwa ya Yahoo mwanangu, baliinunua 2005 kwa batu ba Vancouver kule Kanada, 2018 ikaenda kwa SmugMug. Yahoo njo walitupatia nafasi ya terabaiti moja ya bure kila mutu, 2013, na pale tukapata tabia mbaya ya kutupa kule kila kitu hata foto ya kiatu.

Kamalondo
Shiye ba Lubumbashi tunasoma tunacheka. Kila muji iko na foto yake ya kuchosha, kwetu ni chimine ya Gécamines, ile kampuni ya migodi, na ule mulima mweusi kando yake, kila mutoto mwenye telefone ameshaipiga. Turudi kwa swali ya ndugu: weka mafoto leseni ya Creative Commons, ile inaruhusu batu kuyatumia bure. 2019 walisema mafoto ya wazi ya leseni hiyo hawatayafuta hata ukipita 1000. Bintu bimeisha.

Mutoto wa Birere
Bimeisha wapi, yaya? Hiyo leseni ukishaitoa, mutu aliyechukua foto nayo haumunyanganye tena. Kesho namukuta mama wa Majengo juu ya kalenda kule Brussels, anachekea bazungu mwezi wa nane, na mi sikupata hata pesa ya mega za internet.

Kamalondo
Iko ile inakataza biashara, unachagua.

Mutoto wa Birere
Na nani atamushitaki wa Brussels, weye?

Nyawera Moja
Sasa tumefika. Unalia juu ya mama wa Majengo, yeye mwenyewe ulimupatia foto yake? Ya karatasi, nasema. Mi nilipiga muuzaji wa sambaza, vile visamaki vya ziwa, pale Kadutu, wiki iliyofuata nikamurudishia 13x18, akapanguza mikono kwanza, akaifunga kwa pindo la kitenge pale anafungaga pesa.

Fundi Ndosho
Foto ya SAMBAZA. Mutu aliyechoka chukudu 😂

Nyawera Moja
Jibu swali.

Mama Foto Himbi
Nitajibu mi. Wengi hatukurudisha. Karatasi ni bei, na mutu wa chukudu ukimupiga saa moja asubuhi, saa mbili yuko wapi? Lakini ulivyoliuliza, kama polisi, hapana.

Bahati wa Mugunga
Bonjour bote. Mi siko wa kikundi, nasomaga tu. Ndani ya zile 31 iko moja, chukudu imeandikwa MUNGU ANAJUA na rangi nyekundu, mwenye kuisukuma amevaa koti ya mvua ya kijani. Ile chukudu ni yetu. Shemeji alituambia iliibiwa, na mwenye koti njo yeye. Tafazali musifute mbele ya siku ya Mungu, tunaketi familia.

Mutoto wa Birere
Ngoja kwanza. Nimeiona. Nilipiga mwezi wa sita 2019, tarehe iko ndani ya faili. Nakutumia kubwa, bila leseni bila nini.

Nyawera Moja
Mimi nilisema hakuna kitu kitapotea, sasa chukudu inaenda kutoa ushahidi.

Fundi Ndosho
Baisikeli bila pedali lakini. Bahati, hebu angalia vizuri ile gurudumu ya mbele kama iko na kiraka ya misumari mitano, kama iko, mi njo nilitengeneza, na yule wa koti njo alinilipa, akasema ni yake